Taa Ilikuwa Inawaka

Watu wanaonijua kwa mambo ya gemu na muziki huniuliza swali moja kila mara, hasa mwisho wa mwezi mshahara ukiingia: ninunue hedifoni za wazi au za kufunga? Zamani nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Kama ni gemu, chukua za wazi. Kama ni muziki, inategemea kama wewe ni mtu wa besi. Siku hizi nauliza kwanza, "Unaishi na nani?" Wanadhani nakwepa swali. Sikwepi.

Kwa asiyezijua, tofauti yenyewe ni ndogo ukiitazama kwa macho. Hedifoni ya kufunga ina kikombe kigumu nyuma, na mto unaolikumbatia sikio pande zote. Sauti ikitoka kwenye kile kispika kidogo cha ndani haina pa kwenda ila sikioni mwako, na kelele za nje nazo hupata taabu kuingia. Hedifoni ya wazi, nyuma yake ni wavu tu. Hewa inapita, na sauti inapita na hewa. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414 mwaka 1968, na hizo ndizo huhesabiwa kuwa za kwanza za wazi kuingia sokoni. Kampuni nyingine ya huko huko, Beyerdynamic, inatengeneza DT 770 za kufunga na DT 990 za wazi, na ukiziweka mezani utadhani ni mapacha. Mpaka uzivae.

Ukivaa za wazi, muziki hautoki katikati ya fuvu. Unatoka nje yako, kama bendi imejipanga ukutani. Sikiliza benga kwa hedifoni za wazi na utajua gita la pili limesimama wapi. Ukivaa za kufunga, unapata besi inayokushika kifuani ingawa spika iko sikioni, na kwa ngoma za vijana wa sasa hiyo besi ndiyo wimbo wenyewe. Kwa gemu za risasi kama Counter-Strike, hoja ni nyayo. Sauti ikitokea kushoto hulifikia sikio la kushoto kabla ya la kulia, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo hutumia hicho kijisehemu kujua adui yuko mlango gani. Wachezaji wengi watakuambia kwamba hedifoni za wazi huzipa nyayo hizo nafasi ya kupumua. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nikisikia mtu akipanda ngazi ghorofa mbili chini yangu, kwenye jengo ambalo halipo.

Jengo ambalo lipo liko Pipeline, Embakasi. Ghorofa ya tano, bedsita moja, na ndani yake tuko wawili, mimi na mdogo wangu. Mlango wetu unaangaliana na mlango mwingine, na kati ya milango hiyo kuna koridoo ambayo watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na huamka saa tisa na nusu usiku. Mimi kazi yangu ni ya mtandaoni, na gemu naanza saa nne usiku. Hapo ndipo nilipojifunza kile ambacho wauzaji hawakisemi kwa sauti: hedifoni za wazi ni spika ndogo. Kile chumba kikinyamaza, bunduki zangu zilikuwa zikimfikia kitandani kama mtu anayesaga mchele kwa meno. Hakulalamika. Alijifunika blanketi hadi kichwani, mwezi wa Februari, na joto lile.

Kwa hiyo nikashuka tauni, Luthuli Avenue, nikapanda ngazi za duka moja lenye vioo vingi kuliko bidhaa, nikabadilisha za wazi kwa za kufunga na kuongeza shilingi elfu mbili na mia tano. Nilijisikia mtu mwema. Nakumbuka nikiwa kwenye matatu ya kurudi nikifikiria kwamba hii ndiyo maana ya kuishi na watu: unapunguza raha yako kidogo ili mwenzako alale. Nilipoteza nyayo, nikapata ndugu aliyelala. Hesabu safi.

Lakini kuna jambo sikulitarajia. Usiku wa kwanza nilipozivaa, Pipeline ilizimika. Jenereta ya baa ya pale chini, mtoto wa ghorofa ya nne, yule jamaa wa kesha anayekemea mapepo kwa maikrofoni, mifereji, milango ya chuma, vyote vikaenda. Nilikaa hata kabla sijaweka muziki, nikasikiliza kutosikia. Nilikuwa na miaka mitatu katika jengo lile na sikuwahi kuwa peke yangu hata dakika moja. Sasa nilikuwa na chumba ndani ya chumba, na kodi yake nilishalipa mara moja tu.

Mlango wa ng'ambo ni wa Mama Baraka. Baraka ana miaka miwili. Mama yake aliniita "anko" tangu siku aliyohamia, yaani anko wa Baraka, na mimi nilikuwa namwitia teksi kwa simu yangu kila alipokuwa na mizigo, kwa sababu simu yake ni ile ya vibonye. Usiku mmoja wa Mei, karibu saa saba, mtoto alipandwa na homa, kisha degedege. Baba yake anafanya kazi Mombasa. Mama Baraka alimfunga mtoto kwa leso, akaja mlangoni kwangu akabisha. Akabisha tena. Aliona mwanga chini ya mlango. Aliniita. Mimi nilikuwa futi nane kutoka pale alipokuwa amesimama, mgongo kwa mlango, nikishinda.

Alishuka ngazi zote tano gizani na mtoto mikononi, akamwamsha keateka, keateka akatafuta boda. Walifika hospitali. Mtoto alipona, sasa hivi ninavyoandika namsikia akigonga sufuria. Sitaki msomaji akae na wasiwasi kuhusu Baraka, maana hadithi hii haimhusu yeye sana.

Kesho yake jioni nilikutana na mama yake koridoo. Keateka alikuwa ameshaniambia. Nikamwambia, "Pole sana, Mama Baraka. Haki sikusikia. Nilikuwa nimevaa hedifoni."

Akaniangalia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akasema, "Taa ilikuwa inawaka." Halafu akasema, "Sawa, jirani."

Tangu siku hiyo mimi ni jirani. Si anko tena.

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa sasa na ninataka kulifikiria mbele yenu, kwa sababu nikilifikiria peke yangu huwa najiachilia huru haraka sana. Utetezi wangu ni mfupi na ni wa kweli: sikusikia. Mtu halaumiwi kwa asichokijua. Hata sheria, na hata mama yako mzazi, hukubali hilo. Kama ningezaliwa kiziwi Mama Baraka asingeninyima hata salamu.

Tatizo ni kwamba sikuzaliwa kiziwi. Niliununua uziwi wangu Luthuli, nikaulizwa kama nataka risiti. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anagusa jambo la mlevi aliyefanya kosa akiwa hajui anachofanya. Anaeleza kwamba watunga sheria waliwaongezea walevi adhabu maradufu, kwa sababu chanzo cha kutojua kilikuwa mikononi mwa mtu mwenyewe: alikuwa na uwezo wa kutolewa. Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza chuoni niliona ni ukali wa watu wa kale. Sasa naona alikuwa anaongea na mimi. Swali lake si kama ulijua, bali nani alikufanya usijue.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja, dada wa Roysambu anayejua kubishana, akanikatiza. Akaniambia nimejipachika dhambi isiyo yangu. "Kwa hivyo sisi tukae macho usiku kucha tukingoja kubishiwa?" Alinikumbusha mahali ninapoishi. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinasema usiku wa mtaa wa makazi unaanza saa mbili, na kelele ya nje isizidi desibeli 35, ambayo ni kidogo tu kuliko mnong'ono uliokolea. Nilicheka. Pipeline haijawahi kuona desibeli 35 tangu mahindi yang'olewe ili majengo yaje. Watu wa Runda, alisema, hununua ukimya pamoja na ua, geti na mlinzi wa usiku. Mlinzi ndiye hedifoni yao. Mtu akibisha kwao saa saba usiku hasikiwi vilevile, ila hakuna anayewaandikia insha. Sisi ukuta wetu tunauvaa kichwani kwa sababu ule wa mawe landlodi aliubana.

Akaongeza jambo ambalo mwanamume kama mimi nisingelifikiria. Yeye huvaa hedifoni kubwa za kufunga kwenye stendi ya matatu, mara nyingi bila muziki wowote. Makanga na vijana wa kona wakimwita, ana sababu ya kutogeuka. Na usiku akishuka, kabla hajaingia kichochoro cha kwao, anazivua zikae shingoni, kwa sababu sasa anahitaji kusikia nyayo. Nyayo za kweli. Kwa hiyo kwake hedifoni ileile ni ngao saa kumi na mbili jioni na ni hatari saa tatu usiku, na hakuna mwenye haki ya kumwambia awe wazi kwa dunia ambayo haijamtendea wema.

Anasema kweli, na ninamwachia ukweli wake wote. Lakini haunifikii mimi. Yeye anajifungia kwa watu wanaomtaka kwa ubaya. Mimi nilijifungia kwa wote, halafu nikasahau kwamba "wote" ilikuwa na Mama Baraka ndani.

Kutia pamba masikioni, kwa Kiswahili, hakujawahi kuwa habari ya pamba. Kabla ya hedifoni kuwepo sisi wa majengo tulikuwa na njia zetu. Nikiwa mdogo, Kayole, kulikuwa na mume mmoja aliyempiga mkewe mwisho wa wiki, na baba yangu alikuwa na mkono uliojua kazi: kilio cha kwanza kikianza, mkono ulienda kwa redio ukaongeza sauti. Hakuna aliyesema neno. Tulisikiliza taarifa ya habari kwa nguvu sana. Yule mama alikuwa anajua kabisa tunasikia, na kila redio ya ploti ilipopanda nadhani alijua pia tumemjibu nini. Angalau baba yangu alikuwa analazimika kunyoosha mkono. Mimi sikuhitaji hata hilo, kwa sababu mkono wangu ulishanyooshwa dukani, mara moja, kwa ajili ya usiku wote ujao.

Kuna kisa cha Sony ninachokipenda. Walkman ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1979, mwenyekiti wa kampuni, Akio Morita, aliona ni utovu wa adabu mtu mmoja kusikiliza muziki peke yake mbele ya wengine. Kwa hiyo mashine ile ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili msikilize wawili, na kibonye cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza muziki unashuka na maikrofoni inakuletea sauti ya aliye karibu nawe. Hedifoni zenyewe zilikuwa za sponji, za wazi. Watu wakazinunua, wakasikiliza peke yao, na matoleo yaliyofuata yakaachana na kile kibonye. Leo kimerudi kwa jina jingine katika hedifoni za bei, zile ambazo ukizigusa zinakuruhusu kusikia nje. Ni kitu kizuri, ila kinakusaidia tu ukishaona midomo ya mtu ikicheza. Aliye nyuma ya mlango hana kibonye upande wake.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo. Nimewaambia nilinunua za kufunga kwa ajili ya mdogo wangu. Ni kweli. Lakini wiki ile ya Mei alikuwa zamu ya usiku. Kitanda chake kilikuwa kitupu. Hakukuwa na mtu wa kumlinda na bunduki zangu, na kwenye kompyuta kulikuwa na spika ambazo ningeweza kuziwasha kidogo tu, zikanitosha. Hata sikuzifikiria. Nilivaa za kufunga kwa sababu nilikuwa nimezoea kutokuwepo. Sababu nzuri ilikuwa imeondoka nyumbani saa moja jioni na sanduku lake la chakula, na tabia ikabaki imekaa kwenye kiti ikijiita heshima.

Sijui lini ilibadilika. Hakukuwa na usiku ambao niliamua kwamba sitaki tena kuwasikia watu wa jengo langu. Na ndiyo maana lile jibu la "sikusikia" linanikera kila nikilirudia, kwa sababu kila neno lake ni la kweli.

Kuhusu ushauri, maana najua bado kuna mtu anangoja aambiwe anunue zipi. Kama barabara inapita dirishani kwako, za wazi zitakulazimisha upandishe sauti ili uishinde kelele, na masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani linasema kwa desibeli 80 unaweza kusikiliza saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, zimebaki saa nne tu. Kwa hilo za kufunga zinakufaa zaidi, kwa kuwa zinakuacha usikilize pole pole. Kama mnalala chumba kimoja, pia za kufunga, hakuna mjadala. Kama unaishi peke yako na kuta zako ni nene, nunua za wazi na ufurahie zile gita. Halafu umwambie mtu mmoja jirani nambari yako, na uweke simu kifuani ikitetemeka, si mezani. Mimi nambari yangu niliiandika kwenye karatasi nikampa Mama Baraka. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akasema asante.

Za kufunga bado ninazo. Nazivaa kama madijei, kikombe kimoja sikioni na kingine nyuma ya sikio. Kwa gemu ni upuuzi mtupu: sijui tena adui anatoka kushoto au kulia, nauawa na watoto wa shule, na mbogi yangu ya mtandaoni imeanza kuniacha nje ya timu. Mdogo wangu anasema naonekana kama mtu anayengoja simu.

Wiki iliyopita Baraka aliamka usiku akilia. Nilimsikia. Nilisikia na mlango wa ng'ambo ukifunguliwa, na ndala za mama yake koridoo. Taa yangu ilikuwa inawaka. Nikasimamisha gemu, nikavua hedifoni, nikasimama nyuma ya mlango mkono ukiwa kwenye komeo. Nyayo zilikuja zikapita mbele yangu bila kupunguza mwendo, zikaenda hadi mlango wa tatu, na huko ndiko alikobisha.